Chaneli Nyingi za SSH Ndani ya Muunganiko Mmoja: Mwongozo wa Programu Inayoendeshwa na Matukio

Programu nyingi za kufuatilia mitambo ya mbali huandikwa hivi: kila zikitaka jambo zinafungua muunganiko mpya wa SSH (itifaki ya kuendesha kompyuta ya mbali kwa njia iliyosimbwa), zinatuma amri moja, zinafunga. Seva ikiwa chumba cha pili hutaona ubaya wowote. Lakini ukiwa Nyakato, Mwanza, na kompyuta unayoiuliza iko Nansio kisiwani Ukerewe, ng'ambo ya maji ikitegemea laini ya simu, ubaya utauona siku hiyo hiyo. Kuanzisha TCP (muunganiko wa mtandao unaoibeba SSH), kubadilishana matoleo, kukubaliana funguo, kisha kumthibitisha mtumiaji ni safari zaidi ya tano za kwenda na kurudi. Kila safari ikichukua milisekunde 150, sekunde inakaribia kuisha kabla amri haijaanza. Chaneli mpya, yaani njia ndogo inayojitegemea ndani ya muunganiko uliokwisha kuwepo, inahitaji safari mbili tu: moja ya kuifungua na moja ya kuiagiza kazi.

Tutatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho. Kwenye mwalo mmoja kisiwani Ukerewe kuna mizani ya kielektroniki, chumba cha baridi cha sangara, na kompyuta ndogo ya Linux ambayo ndiyo lango la vyote. Mizani inaandika kila uzito kwenye faili la logi ndani ya lango. Kipimajoto cha chumba cha baridi hakijui SSH; kinatoa somo lake kwa yeyote anayejiunga na poti yake kwenye mtandao wa ndani. Huku Mwanza mjini tunataka mistari ya mizani ifike ikiandikwa, joto kila dakika, na mara moja moja amri ndogo kama kuuliza nafasi iliyobaki kwenye diski. Vyote kwa wakati mmoja, muunganiko mmoja, programu moja.

Andaa Python 3.11 au zaidi na asyncssh, maktaba ya Python ya kutumia SSH.

Hatua ya 1: Ijue chaneli kabla ya kuiandikia msimbo

Sheria za chaneli ziko kwenye waraka wa RFC 4254 wa Januari 2006 (RFC ni nyaraka za viwango vya intaneti). Ni waraka mfupi, na nashauri uusome wote hata kama maktaba inakufichia kila kitu, maana siku programu ikigoma, logi zitazungumza kwa lugha ya waraka huo.

Muunganiko mmoja wa TCP unabeba ujumbe wa chaneli zote, na kila ujumbe una namba ya chaneli unayoihusu. Kila upande hujichagulia namba yake, kwa hiyo chaneli moja inaweza kuwa 3 kwako na 0 kwa seva. Usishangae ukiona namba hazilingani kwenye logi za pande mbili.

Ziko aina kadhaa. Aina ya `session` ni ya kuendesha amri, ganda (shell) au SFTP, yaani kuhamisha faili kwa SSH. Aina ya `direct-tcpip` inaiomba seva ikufungulie njia ya TCP hadi mashine nyingine. Hiyo ndiyo itakayotufikisha kwenye kipimajoto. Na hapa kuna jambo linalowakwamisha wengi: chaneli ya `session` inapokea kazi moja tu. Ukishaiagiza amri, huwezi kuiagiza ya pili. Amri kumi ni chaneli kumi, wala hilo si ubadhirifu, ndivyo ilivyokusudiwa.

Hatua ya 2: Elewa dirisha

Ukiruka hatua nyingine zote, hii usiiruke.

Kila chaneli, kwa kila upande, ina dirisha: idadi ya baiti ambazo mwenzako anaruhusiwa kukutumia kabla hujampa ruhusa nyingine. Mfanyabiashara wa dagaa wa Mwanza huwapelekea watu wa kisiwani magunia matupu. Wao hujaza, na magunia yakiisha wanakaa kusubiri mengine hata kama dagaa wamejaa kwenye vichanja. Ujumbe wa kuongeza dirisha, namba 93 kwenye itifaki, ndio hayo magunia matupu. Usipoutuma, mwenzako atanyamaza. Hatatoa kosa wala kukata muunganiko, atanyamaza tu.

Ndiyo maana programu za aina hii zikiharibika haziangukii pua. Zinaganda. Muunganiko unaonekana mzima, chaneli nyingine zinafanya kazi, lakini mizani haijaleta mstari tangu asubuhi. Mara nyingi chanzo ni kwamba chaneli ile haina anayeisoma.

Sasa jambo lenyewe lililofichika. Amri ina njia mbili za kutoa maneno: matokeo ya kawaida, `stdout`, na makosa, `stderr`. Ndani ya SSH njia hizo mbili zinakula dirisha moja. Ukisoma matokeo na kuyapuuza makosa, makosa yatajaa taratibu hadi dirisha liishe, na hapo matokeo nayo yatakatika. Dirisha la kawaida la asyncssh ni megabaiti 2, kwa hiyo amri inayolalamika kidogo kidogo inaweza kukaa muda mrefu kabla ya kuganda, na wewe utaanza kuilaumu laini ya simu bure.

Kila chaneli unayoifungua, kabla hujaandika kingine chochote, jiulize nani anaisoma, na kama anasoma njia zote mbili.

Hatua ya 3: Fungua muunganiko mmoja, uupe mapigo ya moyo

```python
import asyncio, random
import asyncssh

foleni = asyncio.Queue(maxsize=500)
nafasi = asyncio.Semaphore(8)

def unganisha():
    return asyncssh.connect(
        'lango-nansio', username='mlinzi',
        client_keys=['funguo/mlinzi'],
        known_hosts='funguo/seva_zinazojulikana',
        keepalive_interval=20, keepalive_count_max=3)
```

Mstari wa mwisho ndio wa kuangalia. Bila huo, asyncssh haitumi mapigo yoyote, na laini ya simu ikikatika kimyakimya programu inaweza kusubiri muda mrefu sana ikidhani mwenzake yuko hai. Kwa hesabu hii, kifo kitajulikana ndani ya dakika moja na ushei.

Kuhusu `known_hosts`: utakuta mifano mingi inaiwekea `None` ili ukaguzi wa ufunguo wa seva usifanyike. Kwenye kompyuta yako ya majaribio, sawa. Kwenye lango lililo hewani, usithubutu.

Hatua ya 4: Chaneli ndefu ya mizani

```python
async def fuatilia_mizani(conn):
    async with conn.create_process(
            'tail -n 0 -F /var/log/mizani.log',
            stderr=asyncssh.DEVNULL,
            errors='replace') as p:
        async for mstari in p.stdout:
            await foleni.put(('mizani', mstari.strip()))
    raise ConnectionError('tail imekoma')
```

Herufi kubwa `-F` inamfanya `tail` alifuate faili hata likibadilishwa jina na kuanzishwa jipya, jambo ambalo logi hufanyiwa mara kwa mara. `DEVNULL` inajibu lile swali la hatua ya 2: makosa yanapokelewa na kutupwa, hayarundikani. Na `errors='replace'` ipo kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kuandika, faili linaweza kubaki na baiti za ajabu; sitaki baiti moja mbovu iangushe ufuatiliaji wote.

Iangalie ile `foleni` yenye kikomo cha 500. Kikomo hicho ndicho breki. Mwandishi wa hifadhidata akichelewa, foleni inajaa, `put` inasubiri, kitanzi cha kusoma kinasimama, akiba ya maktaba inajaa, magunia hayapelekwi tena, na `tail` kule Nansio anasimama kuandika. Hakuna kinachopotea, kwani mistari bado iko kwenye faili la lango. Ukiweka foleni isiyo na kikomo breki hiyo umeing'oa, na mzigo wote utarundikana kwenye kumbukumbu ya kompyuta yako.

Ule `raise` wa mwisho ni wa makusudi pia. `tail -F` haina sababu ya kuisha yenyewe. Ikiisha, kuna kitu kimeharibika, na ni bora programu ipige kelele.

Hatua ya 5: Amri fupi, na mpaka wa seva

OpenSSH, programu ya SSH ya kwenye lango letu, upande wa seva ina mpangilio uitwao `MaxSessions`, na thamani yake ya kawaida ni 10: chaneli kumi za `session` kwa muunganiko mmoja. Ya kumi na moja inakataliwa. Ndiyo sababu ya `Semaphore(8)` pale juu, inayoruhusu kazi nane tu kwa wakati mmoja: nane za amri fupi, moja ya mizani, na moja ya akiba.

```python
async def uliza(conn, amri):
    async with nafasi:
        try:
            async with conn.create_process('timeout 25 ' + amri) as p:
                jibu = await asyncio.wait_for(p.wait(), 30)
                return jibu.exit_status, jibu.stdout, jibu.stderr
        except (asyncssh.ChannelOpenError, TimeoutError) as kosa:
            return None, '', repr(kosa)
```

`wait()` inasoma njia zote mbili hadi mwisho, kwa hiyo hapa dirisha halitusumbui. Kuna muda wa kikomo mara mbili, na kila mmoja una kazi yake. Sekunde 30 za huku zinatufanya tuache kusubiri, na kutoka kwenye `async with` kunafunga chaneli. Lakini kufunga chaneli hakuui amri iliyoko ng'ambo; ikiwa haina terminali inaweza kuendelea kuishi hadi ijaribu kuandika na kukuta hakuna mpokeaji. Kwa hiyo `timeout 25` ya kule kule ndiyo inayoimaliza kweli. Bila hiyo, lango dogo linaweza kujaa amri yatima ambazo hakuna anayezikumbuka.

Ukitaka kuuliza mambo mengi kwa mpigo:

```python
majibu = await asyncio.gather(
    *(uliza(conn, a) for a in ('df -h /', 'uptime', 'free -m')))
```

Kama unaandika itifaki kwa mkono badala ya kutumia `wait()`, kumbuka kwamba ujumbe wa mwisho wa data, yaani EOF, si mwisho wa chaneli. Unasema tu upande ule hautatuma data tena. Namba ya matokeo ya amri huja kama ombi la chaneli, na inaweza kufika baada ya EOF. Subiri CLOSE. Anayefunga hesabu kwenye EOF atakuwa na amri ambazo hazijulikani zilifaulu au zilishindwa.

Hatua ya 6: Kipimajoto kisichojua SSH

```python
async def soma_joto(conn):
    while True:
        try:
            async with asyncio.timeout(10):
                r, w = await conn.open_connection('192.168.8.20', 4001)
                try:
                    somo = await r.readline()
                finally:
                    w.close()
            await foleni.put(('joto', somo.decode().strip()))
        except (asyncssh.ChannelOpenError, TimeoutError) as kosa:
            await foleni.put(('kosa', repr(kosa)))
        await asyncio.sleep(60)
```

Hii ni `direct-tcpip`. Haihesabiwi kwenye `MaxSessions`, hivyo haipitii `nafasi`. Anwani ile ni ya mtandao wa ndani wa mwaloni. Inayoitafuta ni lango, si kompyuta yako. Ukikataliwa, angalia kwanza kama `AllowTcpForwarding` imezimwa kwenye seva.

Hatua ya 7: Usikizibe kitanzi

Kitanzi cha matukio (mzunguko wa asyncio unaosubiri matukio na kuamsha kazi inayohusika) ni kimoja na kinahudumia kila mtu. Ukiandika kwenye hifadhidata moja kwa moja na diski ikachukua sekunde tatu, kwa sekunde tatu hakuna chaneli inayosomwa na hakuna mapigo yanayojibiwa. Kazi nzito ipeleke kwenye uzi (thread) wa pembeni:

```python
async def hifadhi():
    while True:
        aina, thamani = await foleni.get()
        await asyncio.to_thread(andika_hifadhidata, aina, thamani)
```

`andika_hifadhidata` utaiandika mwenyewe kulingana na unachotumia.

Hatua ya 8: Msimamizi

Muunganiko utakatika. Hilo usilichukulie kama dharura. Liandikie njia yake.

```python
async def simamia():
    subira = 2
    while True:
        try:
            async with unganisha() as conn:
                subira = 2
                async with asyncio.TaskGroup() as kundi:
                    kundi.create_task(fuatilia_mizani(conn))
                    kundi.create_task(soma_joto(conn))
        except* (OSError, asyncssh.Error) as makosa:
            print('Muunganiko umekatika:', makosa.exceptions)
        await asyncio.sleep(subira + random.random())
        subira = min(subira * 2, 60)

async def kuu():
    await asyncio.gather(hifadhi(), simamia())

asyncio.run(kuu())
```

`TaskGroup` inafanya hivi: kazi moja ikianguka, wenzake wote wanasimamishwa. Kwa muunganiko uliokufa ndivyo tunavyotaka, maana chaneli zote zimekufa nao. Kwa kosa la chaneli moja tu hatutaki, na ndiyo maana `soma_joto` inajishikia makosa yake yenyewe. Kipimajoto kikizimika, mizani iendelee.

Ile `random.random()` inaonekana kama pambo hadi uwe na mialo mingi. Mnara wa simu ukirudi baada ya kukatika, malango yote yanaanza kupatikana kwa pamoja, na bila kutawanya muda kidogo programu yako itayagongea yote kwa sekunde ile ile.

Kuna mistari itakayoandikwa wakati muunganiko haupo, na `-n 0` inairuka. Kama kila uzito una maana ya pesa ya mtu, usiiache hivyo: hifadhi namba ya baiti ya mwisho uliyoisoma, kisha ukiungana tena anzia baiti inayofuata kwa `tail -c +N -F`, ambapo N ni baiti ya kuanzia. Faili likibadilishwa katikati utahitaji kulitambua, na hapo ndipo kazi inapokuwa ndefu kidogo.

Kwa wanaotumia C na libssh2 (maktaba ya SSH ya lugha ya C)

Mantiki ni ile ile, ila kuna mtego ambao asyncssh inakuepusha nao. Chaneli hazina soketi zake. Zote zinapita kwenye soketi moja. Ukiiambia maktaba isome chaneli A, inavuta pakiti kutoka kwenye soketi, na njiani inaweza kukutana na pakiti za chaneli B, ikaziweka kwenye kumbukumbu yake. Ukirudi kwa `epoll`, utaratibu wa Linux wa kusubiri matukio ya soketi, soketi ni tupu, haina la kukuambia, na data ya B imekaa ndani ya maktaba ikisubiri kuombwa. Kwa hiyo kila tukio la soketi likitokea, zunguka chaneli zote, na kila moja isome hadi irudishe `LIBSSH2_ERROR_EAGAIN`, makosa yakiwemo. Halafu uliza `libssh2_session_block_directions` kujua kama unasubiri kusoma au kuandika kabla ya kurudi kulala.

Ukomo wa mpango huu

Chaneli nyingi kwenye TCP moja zinashiriki bahati moja. Pakiti moja ikipotea hewani, zote zinasubiri irudiwe, hata zile ambazo haikuwa yao. Ukipakua faili kubwa kwa SFTP ndani ya muunganiko huo huo, mistari ya mizani itapanga mstari nyuma yake. Kwa faili kubwa mimi hufungua muunganiko wa pili, na sioni aibu. Vilevile funguo za usimbaji hubadilishwa katikati ya safari. RFC 4253 inapendekeza kila gigabaiti moja au kila saa, kinachotangulia, na wakati wa mabadiliko hayo data ya chaneli zote husimama kidogo. Ukiona kituo kifupi kinachojirudia kila saa, anza kushuku hapo.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kupanda meli

Huna haja ya kwenda Nansio ili kuona programu inavyofanya kwenye laini mbovu. Kwenye Linux, washa seva ya SSH kwenye kompyuta yako mwenyewe, elekeza programu kwa `localhost`, kisha iharibu njia kwa makusudi:

```
sudo tc qdisc add dev lo root netem delay 75ms loss 2%
```

Milisekunde 75 zinahesabiwa kwenda na kurudi, hivyo safari nzima ni 150. Halafu lijaribu dirisha. Endesha amri hii kwa `create_process` bila `DEVNULL`, usome `stdout` peke yake:

```
head -c 20000000 /dev/zero >&2; echo mwisho
```

Neno `mwisho` halitafika kamwe. Weka `stderr=asyncssh.DEVNULL`, rudia, na litafika. Fanya jaribio hili hata kama umenielewa. Ukishaiona chaneli ikiganda kwa macho yako, utaitambua haraka siku ikiganda kazini.

Jaribu pia kuua `sshd` (programu ya seva ya SSH) ya muunganiko ule katikati ya kazi, na kuzima mtandao kabisa bila kuua chochote. Ni vifo viwili tofauti: cha kwanza kinajulikana papo hapo, cha pili kinasubiri mapigo. Msimamizi wako anapaswa kupona kwenye vyote viwili bila kuguswa.

Ukimaliza, ondoa ule uchelewesho, la sivyo kila kinachopita ndani ya kompyuta yako, hifadhidata ikiwemo, kitaendelea kukokota:

```
sudo tc qdisc del dev lo root
```